Je, Wajua? Nyama, Majani na Samaki wa Mto Mara

Je, wajua kwamba huko Tarime, mkoani Mara, kaya yenye ng'ombe mia inaweza kumaliza mwezi mzima bila kuonja nyama ya ng'ombe? Mgeni anayeshuka basi stendi na kukuta moshi wa nyama choma kila kona hawezi kuamini. Lakini ng'ombe wa Mkurya, mwenyeji wa Tarime, ana kazi nyingi kabla ya kufika jikoni. Ni mahari ya kijana, ada ya shule, faini ya ugomvi, na akiba ya siku mbaya. Huchinjwa kwa sababu maalumu: tohara, arusi, matanga, au ng'ombe mwenyewe amevunjika mguu. Siku za kawaida ugali wa mtama, ulezi au udaga husindikizwa na maziwa ya mgando, mboga za majani au dagaa. Nyama ya buchani hununuliwa kwa fedha taslimu, na mnunuzi mara nyingi hana hata ndama: ni mwalimu, ni dereva wa bodaboda, ni kijana aliyetoka kuuza mawe ya dhahabu Nyamongo. Mwenye zizi yeye husubiri mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo ubishi wa kama ni bora kula nyama au kuishi kwa mimea, uliokolea sana Ulaya na Marekani, ukifika wilaya za Tarime na Serengeti hukuta mambo yamepindana. Hapa mmea umewahi kulemaza watu, chanjo ya ng'ombe imewahi kuotesha miti, na mla majani mmoja anaua samaki kwa maelfu.

Mmea uliokaza miguu

Mwaka 1985, baada ya ukame, vijiji vichache vya wilaya ya Tarime vilikumbwa na ugonjwa wa ajabu. (Tarime ya wakati huo ilikuwa kubwa, wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka kwake mwaka 2007.) Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Homa hakuna, ajali hakuna. Akijaribu kusimama magoti yanagongana, visigino havigusi chini, na hali hiyo hubaki naye maisha yake yote. Akili haiguswi. Wengine walidhani ni polio, na bila shaka wapo waliomtafuta mchawi.

Watafiti waliokwenda huko, miongoni mwao daktari wa mishipa ya fahamu William Howlett, Mtanzania Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Mswidi Hans Rosling, waliwachunguza wagonjwa 39 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Rosling alikuwa ameshakutana nao kaskazini mwa Msumbiji, ambako mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000.

Chanzo kilikuwa sahani isiyo na nyama, isiyo na samaki, isiyo na maharage. Muhogo mchungu mchana, muhogo mchungu usiku. Muhogo wa aina hiyo umebeba kemikali inayozaa sianidi, na mmea unapokosa maji kemikali hiyo huzidi. Wenyeji wa Kanda ya Ziwa wanalijua hilo tangu enzi, ndiyo maana wana udaga. Mama humenya mihogo, huirundika, huifunika majani na kuiacha ivunde siku kadhaa mpaka iote ukungu na kulainika. Kisha huikwangua ukungu, huimegamega, huianika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo huitwanga au kuipeleka mashineni. Harufu yake asiyeizoea hukunja pua. Ni harufu ya sumu iliyokwisha kazi.

Sasa weka njaa. Mtama umekaukia shambani, ghala tupu, watoto wanalia, na udaga unataka wiki nzima. Watu wakakata njia: mihogo ikamenywa, ikapondwa, ikaanikwa kwa muda mfupi, ikawa unga. Sumu ikaingia kwenye ugali.

Hapa ndipo nyama na samaki wanapoingia. Mwili una namna yake ya kujikinga. Huigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na makali hayo na kukitoa kwenye mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa huletwa na protini ya nyama, samaki, mayai, maziwa, hata nafaka na maharage. Muhogo karibu hauna. Mtu anayekula sumu ileile huku akipata dagaa kila siku ana ngao. Asiye na kitoweo hana. Kokote konzo inakotokea huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na wanaume watu wazima wengi huponyoka. Moja ya sababu zinazotajwa ni mgawanyo wa chakula, na mtu aliyekulia katika nyumba ambamo firigisi ni ya baba bila mjadala hatashangaa.

Tarime haikuwa ya mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilitokea Mtwara na Mbinga. Lakini kuna kinga isiyo na gharama, iliyobuniwa na mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba kwenye mkeka, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusonga. Gesi ya sumu hupaa yenyewe.

Anayeniuliza kama chakula cha mimea mitupu ni salama, mimi humuuliza kwanza: mimea gani, na nani ameitayarisha?

Majani yanayolala sufuriani

Upande wa pili, majani ya huku si ya kudharau. Mgagani, ambao Wakisii ng'ambo ya mpaka, ndugu wa Wakurya, huuita chinsaga, hujiotea wenyewe pembeni mwa zizi palipo na samadi. Una chuma, kalsiamu, vitamini A na vitamini C nyingi kuliko kabichi inayosifiwa sokoni. Uchungu wake ndio unaowakimbiza vijana. Wapishi wanaoujua huchuma majani machanga asubuhi, huyachemsha, humwaga maji ya kwanza, hutia maziwa na kuyaacha yatokote polepole. Kisha hawali. Sufuria hulala, kesho yake yanatiwa maziwa mengine na kuchemshwa tena. Siku ya pili uchungu umebaki kidogo tu, wa kuamsha ulimi. Mnavu nao hupikwa kwa maziwa vivyo hivyo.

Kuna jambo la kujua kuhusu chuma hicho. Chuma kilichomo kwenye nyama nyekundu hufyonzwa na mwili kirahisi, hadi theluthi moja. Cha kwenye majani na maharage hufyonzwa kwa shida, mara nyingine chini ya asilimia 5. Vitamini C hukifungulia mlango, ndiyo sababu ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage si urembo. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hukifungia. Na katika Tanzania wanawake 4 hivi kati ya 10 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, kwa hiyo kikombe cha chai kinaweza kungoja saa moja.

Vitamini B12 ndiyo isiyo na mbadala shambani. Hakuna mchicha, hakuna boga, hakuna karanga yenye vitamini hiyo ya kutegemewa. Hutoka kwa wanyama. Maziwa yanatosha. Asiyekula nyama lakini anakunywa mgando wa Tarime hana la kuhofu upande huo, mradi maziwa yalichemshwa kwanza. Maziwa mabichi huweza kubeba brusela, ugonjwa uleule unaowafanya ng'ombe watupe mimba na kumwacha binadamu na homa za vipindi na maumivu ya viungo.

Je, choma ina kosa gani?

Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kila gramu 50 za nyama hizo kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida waliiweka kundi la chini yake, la vitu vinavyoelekea kusababisha. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani unashauri isizidi gramu 350 hadi 500 iliyopikwa kwa wiki.

Sasa fikiria Jumamosi ya Tarime mjini. Nyama hupimwa mbichi kwa kilo, huwekwa juu ya makaa, mafuta yanadondoka, moshi unapanda na kurudi kuishika. Hukatwa vipande juu ya ubao, chumvi imerundikwa pembeni, pilipili, ndizi choma au ugali. Wawili wanaagiza kilo na nusu na hawabakishi, yaani wamemaliza wiki yao kwa meza moja. Sehemu nyeusi iliyoungua, ambayo wengine huigombania, ndiyo yenye kemikali mbaya zaidi. Kachumbari yenye ndimu inasaidia, bia haisaidii. Wenye gauti wanaijua vizuri hesabu ya usiku huo kidole gumba cha mguu kinapovimba alfajiri.

Ila tuwe wakweli. Mtoto wa Mugumu, wilayani Serengeti, anayeonja nyama Krismasi na Pasaka hahusiki na onyo hilo. Ripoti zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa soseji kila asubuhi zisitumike kumnyima yai.

Wasabato na kambare

Kanisa la Waadventista Wasabato liliingia pwani ya Ziwa Victoria upande wa Mara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo hutembei mbali mkoani humo bila kukuta kanisa lao. Msabato wa Mara atakula sato na sangara, lakini kambare hapana: Mambo ya Walawi sura ya 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba, na kambare ni laini kama sabuni. Nguruwe ndiye hata asitajwe.

Kanisa hilohilo limetoa baadhi ya takwimu nzito zaidi duniani kuhusu walaji mboga. Kwa kuwa linashauri, bila kulazimisha, kuacha nyama, waumini wake wamegawanyika: wapo wanaokula, wapo wanaokula samaki tu, wapo wasiogusa hata maziwa, na wote kwa kawaida hawavuti sigara wala hawanywi pombe. Ni rahisi kuwalinganisha. Chuo kikuu chao cha Loma Linda huko California kimewafuatilia kwa miongo kadhaa. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha wanaume Waadventista wa California wakiishi miaka 7.3 zaidi ya wenzao wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4. Uchunguzi wao wa pili, wenye watu 96,000 hivi, ulionyesha mwaka 2013 kwamba walaji mboga kwa jumla walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 12 kuliko wala nyama.

Waliofanya vizuri kuliko wote? Wanaokula samaki na kuacha nyama nyingine: pungufu kwa asilimia 19. Muuza dagaa wa Musoma angeweza kuwaambia hivyo bila kupoteza fedha za utafiti.

Chanjo ya ng'ombe, msitu wa nyumbu

Mifugo duniani huchangia asilimia 12 hadi 14.5 ya gesi zinazoongeza joto, kwa makadirio mawili ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2023 na 2013. Sehemu kubwa ni methani inayotoka kwa kubeua. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 28 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Ng'ombe wa kienyeji anayetoa lita moja au mbili za maziwa kwa siku hubeua methani nyingi kwa kila lita kuliko anayetoa kumi, kwa hiyo kila lita yake ni ghali kwa hewa. Hesabu hiyo ni sahihi, na ni ya nusu tu.

Nusu nyingine iko ng'ambo ya mpaka wa hifadhi ya Serengeti. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, tisa katika kila kumi sehemu nyingi, na njaa ikafuata. Sotoka iliua nyumbu na nyati pia, na ikaendelea kuwakaa nyumbu kwa miongo mingi. Ng'ombe wa kuzunguka Serengeti wakachanjwa, na huko Muguga, Kenya, Walter Plowright akatengeneza chanjo imara. Kufikia mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma hata sindano moja. Kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, wakafika takriban milioni 1.4 mwaka 1977.

Nyumbu milioni wanakula nyasi nyingi. Nyasi zikipungua, moto wa kiangazi unakosa kuni. Moto ukipungua, miche ya miti inapona. Miti ikiota, kaboni inakaa ardhini na shinani. Watafiti waliopiga hesabu hiyo mwaka 2009 walikuta Serengeti imegeuka kutoka mahali panapotoa kaboni na kuwa mahali panapoihifadhi. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuisha duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu baada ya ndui.

Nyumbu kwenye sufuria, dagaa kwenye mizani

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema nyumbu kati ya 98,000 na 140,000 hivi wanawindwa kinyume cha sheria kila mwaka kuzunguka Serengeti, wengi kwa mitego ya nyaya. Nyama hukatwa mapande marefu, hukaushwa, na kuuzwa kimyakimya ikiitwa kimoro. Kinachovuta mnunuzi hasa ni bei. Kimoro ni rahisi kuliko nyama ya buchani. Utafiti uliofanywa magharibi mwa hifadhi umeonyesha pia kwamba samaki wa Ziwa wakipanda bei, nyamapori huliwa zaidi. Wenye mbuzi na kondoo wengi nao huwinda kidogo. Mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni za mabucha halali ya nyamapori, lakini mama wa Mugumu anayehesabu sarafu haendi kwenye bucha la leseni wakati dagaa wapo.

Tatizo ni kwamba dagaa wengi wa Ziwa Victoria hawafiki kwa mama huyo. Husagwa kuwa chakula cha kuku.

Na asije mtu akadhani mkate hauna damu. Upande wa Kenya, kwenye nyanda za Loita huko Narok, mashamba makubwa ya ngano yalipanuka sana miaka ya 1970 na 1980 mahali nyumbu wa huko walipokuwa wakizalia. Katika miaka ishirini hivi kufikia mwisho wa miaka ya 1990, zaidi ya robo tatu ya kundi hilo ilipotea. Wengi hawakutegwa wala kuliwa. Zilikatwa nyasi zao, zikapandwa chapati.

Mla majani anayeua samaki

Nyumbu 6,250 kwa wastani hufa maji kila mwaka wakivuka Mto Mara, na mizoga yao ni chakula cha samaki kwa wiki kadhaa. Mifupa huendelea kurutubisha maji kwa miaka 7 hivi. Samaki hao hawalalamiki. Ambacho wangelalamikia, kama wangeweza, ni viboko.

Zaidi ya viboko 4,000 upande wa juu wa mto hula majani usiku na kushinda majini mchana, wakiangusha humo tani zipatazo 8.5 za mabaki ya majani kila siku. Kiangazi uchafu huo hutuama kwenye madimbwi. Mvua ikinyesha ghafla hukorogwa wote kwa pamoja, hewa ya oksijeni majini huisha, na samaki huelea matumbo juu. Watafiti walithibitisha hilo mwaka 2018.

Kwa hiyo Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na kunuka na samaki wakafa upande wa Tanzania, nadharia ilikuwepo tayari. Kamati ya Serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kwenye ardhioevu. Wananchi wengi, wenye macho yao kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, hawakukubali, na mkojo wa ng'ombe ukawa mzaha wa mitandaoni kwa wiki kadhaa. Kisayansi kinyesi kinaweza kuua samaki. Swali walilouliza watu wa mtoni ni kwa nini ng'ombe, ambao wamekuwa wakinywa maji hapo tangu babu zao, wangoje mwaka 2022.

Mla mboga mkubwa kuliko wote

Wilaya ya Serengeti ina mla majani anayemaliza kilo 150 kwa siku bila kuandikiwa na daktari. Tembo hutoka hifadhini usiku kwa makundi, na shamba la mahindi la ekari moja haliwafikishi asubuhi. Mihogo huing'oa, maboga huyakanyaga na kuyala. Silaha mojawapo ya wakulima wa Tanzania ni kamba ya katani iliyopakwa oili chafu iliyokorogwa na unga wa pilipili, au tofali la kinyesi na pilipili linalochomwa pembezoni mwa shamba upepo ukielekea hifadhini. Tembo ana pua ndefu, na pilipili inamwingia yote. Pilipili ni kati ya mazao machache anayoyaruka, na wapo wakulima waliozungushia mahindi yao mistari ya pilipili, wakavuna vyote viwili.